Stovu Ikitoa Moshi, Anza na Tambi

Stovu ya mafuta ya taa ikitiwa tambi mpya halafu ikaanza kutoa moshi, hukumu ya kwanza jikoni ni moja, iwe ni Ganda, Malindi mjini au Kilifi: mafuta yamechakachuliwa. Mwenye duka anashikwa shati kwa maneno, mafuta yanamwagwa au yanarudishwa, mengine yananunuliwa kwa jirani yake, na jioni sufuria ni nyeusi vile vile. Nadhani hapo anahukumiwa asiye na kosa. Kama stovu ilikuwa ikiwaka vyema na ikaharibika siku ilipobadilishwa tambi, kasoro itafutwe kwanza katika kazi ya kubadilisha tambi. Mafuta yachunguzwe baadaye, na kwa kipimo, si kwa hasira.

Ili hoja hiyo isimame, tuangalie stovu yenyewe inavyofanya kazi. Chini kuna tangi. Juu ya tangi kuna mirija midogo iliyopangwa duara, nane, kumi au zaidi, na kila mrija umepitishwa utambi wa pamba. Kitasa kimoja huzipandisha na kuzishusha zote kwa pamoja. Juu ya mirija yanakaa mabati mawili ya duara yenye matundu, moja ndani ya jingine, na moto hupanda katikati yake. Kinachowaka hapo si pamba wala si mafuta yakiwa majimaji. Ni mvuke wa mafuta uliochanganyika na hewa. Pamba ni njia tu. Nafasi nyembamba zilizo kati ya nyuzi zake huvuta mafuta kwenda juu bila pampu, na hesabu ya mvuto huo imejulikana tangu Richard Lucas alipoiandika mwaka 1918 na Edward Washburn mwaka 1921: kadiri safari inavyorefuka, ndivyo mwendo unavyopungua. Ndiyo maana moto hufifia tangi linapokaribia kwisha hata kama mafuta yamebaki. Kwa hiyo kuna kasi mbili za kulinganishwa, ya mafuta kupanda na ya moto kuyala. Mafuta yakichelewa, moto huigeukia pamba, nayo huungua na kugeuka kaa. Mvuke ukiizidi hewa, kaboni hubaki bila kuungua na kuruka kama masizi. Kila kasoro ya utambi huishia kwenye mojawapo ya mambo hayo mawili, na mtu aliyejua ni lipi kati yake ameshafika nusu ya njia.

Sasa tazama kinachoweza kuharibika wakati utambi unapopitishwa kwenye mrija. La kwanza ni unene. Fundi hupenda utambi ulioshika sawasawa ili usiteleze kitasa kinapozungushwa, na ni sawa apende hivyo, ila ukibanwa kupita kiasi zile nafasi kati ya nyuzi zinafungwa, na mafuta hayana pa kupita. Ncha itakuwa nyeusi na ngumu ndani ya siku chache huku sehemu iliyo ndani ya tangi ikiwa imelowa chepechepe. Ukiwa mwembamba nao, hubaki upenyo kati ya pamba na bati; mvuke hupandia pembeni na ulimi wa manjano huruka mahali pasipotakiwa. La pili ni urefu. Mkia wa utambi unapaswa ulale juu ya sakafu ya tangi, usining'inie. Utambi uliokatwa mfupi ili kubana matumizi huwaka vizuri tangi likiwa limejaa, kisha huanza kuungua linapofika nusu, na mwenye stovu huapa kwamba mafuta ya juu yalikuwa safi na ya chini machafu. La tatu ni usawa wa ncha. Tambi hupanda pamoja kwa kitasa kimoja, hivyo ule uliokatwa juu zaidi ya wenzake hautashuka peke yake. Milimita mbili tu za ziada zinatosha kuupa mvuke mwingi kuliko hewa iliyo karibu nao, na hapo ndipo doa jeusi hutokea upande mmoja wa sufuria.

Kitu kingine ni pamba yenyewe kuwa si pamba. Vipande vya fulana kuukuu na nyuzi za kufumia huonekana kama utambi, lakini nyingi zimechanganywa na poliesta, na poliesta huyeyuka kwenye joto la karibu digrii 260. Ncha yake hufanya tone gumu linalong'aa kama nta iliyoganda. Ukiliona tone hilo, usihangaike na mafuta. Kata, tupa, nunua utambi halisi. Kosa la mwisho katika fungu hili ni haraka. Utambi mkavu ukiwashwa kabla mafuta hayajafika kileleni, kinachoungua ni pamba, na ile ncha iliyogeuka kaa haitavuta vizuri tena hata ikilowekwa usiku kucha. Jaza tangi, subiri robo saa au zaidi, gusa ncha kwa kidole. Ikiwa imelowa, washa.

Hali ya hewa ya pwani ina mchango wake, na watu hawausahau upepo lakini husahau maji. Pamba hupenda maji kuliko inavyopenda mafuta. Tambi zilizoning'inia dukani msimu mzima wa masika zimekwisha kunyonya unyevu, na unyevu ukishakaa ndani ya nyuzi, mafuta ya taa hayana nguvu ya kuufukuza. Zinafaa kuanikwa juani kabla ya kutiwa. Maji yaliyo ndani ya tangi ni mabaya zaidi kwa sababu ni mazito kuliko mafuta: hutuama chini, pale pale mikia ya tambi ilipolala. Kijiko kimoja cha maji kutoka kwenye jerikeni iliyosuuzwa na kutokaushwa kinatosha kuzinyima tambi mafuta, ilhali ukichungulia tangi unaona mafuta tele.

Kanuni hii haiishii jikoni. Vijana wanaovuta veipu na kujifungia wenyewe koili wanapambana na tatizo hilo hilo katika umbo dogo: waya wa kanthali au nikromu unapashwa joto kwa betri, na kipande cha pamba kinauletea majimaji. Pamba ikisokotwa kwa kubana, majimaji hayafiki na koo linapata ladha ya pamba iliyoungua. Ikiwa kidogo mno, majimaji hufurika na kuvuja. Nao pia hulaumu majimaji au betri kwanza. Tofauti ni kwamba huko joto hutoka kwenye umeme, kwa hiyo ukipunguza ukinzani wa waya bila kubadili volti umeongeza joto, na pamba ile ile iliyotosha jana leo haitoshi. Kwenye stovu joto linatokana na mafuta yenyewe, na hilo linarahisisha uchunguzi.

Ushahidi unapatikanaje basi? Kuna jambo moja linalotenganisha kosa la mafuta na kosa la utambi: mafuta ni yale yale kwa tambi zote. Yakiwa mabaya, tambi zote kumi zitaugua kwa namna moja. Vua mabati ya juu stovu ikiwa imezimwa na kupoa, kisha zitazame moja moja. Ikiwa saba ni laini na za rangi ya kahawia na tatu ni kaa tupu, mafuta hayana kesi ya kujibu, kwa kuwa hayawezi kuchagua. Ikiwa zote zimefunikwa ukoko mzito sawasawa, hapo shaka juu ya mafuta ina msingi, ingawa haijathibitishwa, maana fundi mmoja anaweza kuzibana zote kwa mkono ule ule. Ndipo unapoleta shahidi wa pili, kandili. Chukua kandili iliyokatwa utambi vizuri, itie mafuta yale yale, iwashe. Ikiwaka safi na chemni isipopata weusi, rudi kwenye stovu. Na mafuta mengine kidogo yaweke ndani ya chupa nyeupe mpaka asubuhi. Maji yakiwamo yatajitenga chini na mstari utaonekana wazi.

Atakayepinga ana hoja nzito: uchakachuaji upo nchini Kenya, na serikali yenyewe ilikiri hivyo ilipoweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita juu ya mafuta ya taa mwaka 2018. Kweli. Lakini soma kisa hicho hadi mwisho. Ushuru huo uliwekwa kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli, na walaghai walikuwa wakiyatia ndani ya dizeli ya magari. Aliyeumizwa na mchezo huo alikuwa mwenye matatu, si mwenye stovu. Hakuna mlaghai anayetafuta faida ambaye angetia kitu ghali ndani ya kitu rahisi. Baada ya ushuru bei zilikaribiana, na faida ya kuchanganya ikapungua kwa pande zote. Sisemi mafuta ya taa hayawezi kuingia uchafu. Chombo kilichobeba dizeli jana kikibeba mafuta ya taa leo huacha mabaki, na dizeli, kwa kuwa ni nzito na huchemka kwa joto la juu zaidi, huacha ukoko kwenye kila utambi. Ninachosema ni kwamba hiyo ni ajali ya jerikeni, na kipimo cha kandili huinasa. Petroli ni habari nyingine kabisa. Mafuta yakinuka petroli, usiyapime kwa moto wa aina yoyote, wala kwa kandili. Hayo hayaleti moshi, huleta mlipuko, na chini ya paa la makuti hakuna nafasi ya pili.

Wengine watasema moshi ulianza siku ile ile walipobadilisha duka, kwa hiyo hakuna mjadala. Sadfa hiyo ina maelezo. Mafuta hununuliwa tangi linapokuwa tupu, na tangi likiwa tupu ndipo tambi huungua ncha. Ukijaza mafuta mapya juu ya ncha zilizokwisha kuwa kaa, moshi utaonekana umeletwa na mafuta mapya. Tena kumimina kwenyewe huvuruga takataka zilizotuama. Hapa pia nipinge ushauri mmoja unaosikika sana, kwamba stovu iachwe iwake hadi mafuta yaishe ili ncha zijisafishe. Ushauri huo unafaa tambi za nyuzi za kioo, ambazo haziungui. Pamba ukiifanyia hivyo unaifupisha na kuikaanga. Pamba husafishwa kwa mkasi mkali.

Ni haki kukiri kwamba utambi nao husingiziwa. Wazo la kuupa moto hewa kwa ndani na kwa nje lilitoka kwa Aimé Argand wa Geneva katika miaka ya 1780, na mabati yenye matundu ya stovu zetu ni wajukuu wa taa yake. Tui la nazi likifurika kutoka kwenye sufuria ya wali, mafuta yake hugandia matundu hayo, na tambi zilizokatwa vizuri kuliko zote zitatoa masizi kwa kukosa hewa. Bati lililokaa upande hufanya vivyo hivyo. Na kusi likivuma kupitia mlangoni, moto wa upande mmoja hulala. Lakini hayo yote huonekana kwa macho, na kuyaondoa ni kazi ya brashi na kusogeza stovu.

Pingamizi la mwisho ndilo lililo zito zaidi: kwa nini kuhangaika na stovu wakati gesi ipo? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2014, halishauri kabisa mafuta ya taa kutumika majumbani, na sina la kulipinga. Mwenye uwezo wa kununua mtungi na kuujaza tena anunue. Lakini mtungi huuzwa mzima na mafuta ya taa huuzwa kwa kipimo cha pesa iliyopo mkononi, na jiko linalotumika leo ndilo linalojaza moshi kwenye vifua vya leo. Kwa hiyo kabla ya kumwaga mafuta uliyolipia, vua mabati, zihesabu tambi zilizoungua na zisizoungua, na ukikuta hazilingani, mwite fundi aliyezitia azirudie.