Kupauka si Kufa

Katika baadhi ya tafsiri, hali ya matumbawe kugeuka meupe huitwa "kufa kwa matumbawe". Istilahi hii twaiona kuwa na kasoro. Tumbawe ni mnyama. Rangi yake na sehemu kubwa ya chakula chake hutokana na vijimea vidogo mno viishivyo mwilini mwake. Bahari ipatapo joto kupita kiasi, tumbawe huvitoa vijimea hivyo, likabaki jeupe na lenye njaa, lakini hai. Joto likipungua mapema, vijimea hurudi. Likidumu, tumbawe hufa. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipauka; mengi yakafa, mengine yakapona.

Yafaa basi hatua hizi mbili zitajwe mbalimbali. Afisa aelezwaye kwamba mwamba umekufa hataona sababu ya kuulinda dhidi ya baruti na kokoro, ilhali huo ndio wakati unaohitaji kulindwa. "Kubadilika rangi" nako hakutoshi, kwani hakuonyeshi dhara. Twapendekeza "kupauka": ngozi hupauka, nayo ikitunzwa hurejea hali yake. "Kufa" kubakizwe kwa kifo.