Vibaraka Hawafi kwa Risasi ya Steringi

Katika vibanda umiza vya pwani yetu, kuanzia Bunju, Mapinga na Kerege hadi Bagamoyo mjini, kila mtoto aliyewahi kulipa kiingilio anaijua sheria moja: steringi hafi. Ipo sheria ya pili ambayo hakuna anayehangaika kuitamka. Adui mkubwa hungojewa hadi mwisho, na wale wadogo wanaomzunguka huanguka njiani, mmoja mmoja, bila hata jina. Mtafsiri wa muvi huwapitia haraka haraka, watu wanacheka, mambo yanaendelea.

Mimi nina tabia ya kuwaangalia hao wadogo. Na hakuna mahali wanapoangalika vizuri kama katika Star Wars, kwa sababu kule vibaraka wana vyeo, ofisi, mabosi wa kuwaogopa, na mmoja wao ana mama anayemsumbua kila asubuhi.

Tuanze na filamu za zamani. Katika The Empire Strikes Back ya mwaka 1980, Admirali Ozzel anaharibu mpango wa mashambulizi. Darth Vader anamnyonga kwa mbali, kupitia skrini, na Ozzel hajamaliza kukata roho, Piett ameshapewa cheo chake. Nahodha Needa anakwenda mwenyewe kuomba radhi kwa kosa lake, naye anaishia maiti sakafuni. Piett anajitahidi kutokosea, anafika hadi filamu ya 1983, kisha ndege ndogo ya waasi inakigonga chumba cha uongozi cha meli yake na habari yake inaishia hapo. Katika Rogue One ya 2016, Krennic, aliyeusimamia ujenzi wa Death Star, ile silaha kubwa kama mwezi inayoweza kuangamiza sayari nzima, yuko juu ya mnara mwanga wa silaha hiyohiyo unapomfikia. Ufukwe unaoonekana chini yake, wenye minazi na maji ya kijani, ulipigwa picha Maldivi. Ni Bahari ya Hindi, maji haya haya yanayofika kwetu.

Utaona mpangilio. Steringi hana muda na watu hawa. Wanamalizwa na bosi, au na mtambo walioujenga wenyewe, au na ajali ya vita isiyowajua majina. Filamu inatuambia kwamba dola huwala watumishi wake, na sisi tunaridhika, maana mkuki kwa nguruwe.

Tamthilia ya Andor, iliyoundwa na Tony Gilroy na kutoka kwa misimu miwili, 2022 na 2025, imeuchukua mpangilio huo na kuupa sehemu 24 za kupumua. (Kama hujaitazama, ninakwenda kukumalizia utamu.) Syril Karn ni ofisa mdogo katika kampuni ya ulinzi. Sare yake ameipeleka kwa fundi ili imkae vizuri. Walinzi wawili wanauawa, mkuu wake anataka faili lifungwe kimya kimya, Syril anakataa kwa sababu yeye anaamini sheria. Operesheni yake inaharibika, anafukuzwa kazi, anarudi nyumbani kwa mama. Mama anampigia mjomba, mjomba anampa koneksheni, na kijana anapata meza katika Ofisi ya Viwango.

Hapo kicheko changu kilipungua. Sare ya fundi, mama, mjomba, meza. Huyu si jitu la sayari ya mbali. Huyu ni nusu ya watu niliosoma nao shahada ya kwanza, na baadhi ya asubuhi ni mimi, nikipiga pasi shati la usaili.

Syril anaishia Ghorman, mahali ambapo dola inataka madini yaliyo ardhini, kwa hiyo inahitaji wenyeji waonekane magaidi. Yeye amesaidia kazi hiyo bila kuambiwa inaelekea wapi. Anapogundua, mauaji yameshaanza. Katikati ya vurugu anamwona Cassian Andor, mtu aliyeyapindua maisha yake, anamrukia, na Cassian anamuuliza yeye ni nani. Hamkumbuki kabisa. Syril anasita, na katika kusita huko mzee wa Ghorman anampiga risasi. Mpenzi wake, Dedra Meero wa idara ya usalama, anaangushwa na idara yake mwenyewe kwa sababu ya faili alizojilimbikizia, na tunamwacha akilia katika gereza la aina ileile alimofungwa Cassian. Bosi wake, Partagaz, anaomba dakika chache za kuwa peke yake, anausikiliza waraka wa kijana mwasi aliyekwisha kufa, kisha anajiua.

Ni uandishi hodari. Lakini mimi naishi Bagamoyo, na mji huu unanizuia kuuamini wote.

Wajerumani waliufanya mji huu makao yao makuu kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891, na Boma lao la 1897 bado linatazama bahari. Dola ile haikuendeshwa na Wajerumani peke yao; walikuwa wachache mno. Iliendeshwa na maaskari, makarani na maakida. Akida alikuwa mtu wa kwetu, mara nyingi wa pwani, anayejua kusoma na kuandika. Alikusanya kodi, alitoa watu wa kwenda kulima pamba, alisikiliza kesi na kuadhibu. Shule ya serikali ya Tanga ilifundisha vijana wa kujaza nafasi za namna hiyo. Syril Karn angepata kazi pale bila kuhitaji mjomba.

Je, waliangukaje? Wapo walioanguka kweli: Maji Maji ilipolipuka mwaka 1905, maakida walikuwa miongoni mwa walioshambuliwa mwanzo. Lakini angalia mwaka 1916. Waingereza wanaiteka Bagamoyo mwezi Agosti, bendera inabadilika, na utawala mpya unaendelea kuwatumia maakida hadi Gavana Cameron alipoleta utawala kupitia machifu, kuanzia 1925. Dola ilianguka, kibaraka akabaki na kazi yake. Na Abushiri, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889 baada ya kusalitiwa? Jina lake tulilikariri shuleni. La aliyemsaliti halikuwahi kuja kwenye mtihani wangu hata mmoja.

Hii ndiyo kasoro ninayoiona, si kwa Gilroy peke yake bali kwa mapokeo yote aliyoyarithi. Kila kibaraka akilipwa kabla pazia halijafungwa, tunatoka kibandani tukiamini kwamba historia ina mhasibu mwaminifu. Anguko linatufariji, na faraja hiyo inatuzuia tusiulize swali gumu zaidi: kama asingeanguka, je, tungemwona mbaya? Syril aliyefika miaka sitini, mwenye pensheni na nyumba, anayeitwa mzee wa busara kwenye vikao vya harusi, ni kibaraka yuleyule. Ubaya wake ulikuwa kwenye faili alizojaza, siku ambazo hakuna mtu aliyempigia kelele.

Kwa hiyo sifa ya Andor, kwangu, haimo katika vifo. Imo katika vikao: meza ndefu, watu wanaosubiri zamu ya kusema, na Dedra anayekuwa mkatili zaidi kila anaposifiwa. Ukitazama vikao hivyo bila kuungoja mwisho, utatoka na maarifa ya kukusaidia Jumatatu ofisini.

Ningependa mtu wa kwetu aandike tamthilia ya namna hiyo. Haihitaji sayari. Aanze asubuhi moja ya Agosti 1916, akida mmoja wa pwani anaamka, anavaa kanzu yake safi, anapita chini ya bendera asiyoizoea, anakaa mezani, na kulifungua daftari la kodi pale alipoishia.