Kusoma Umri wa Mbu

Mbu wa kuogopwa ni yule mzee. Jike la Anopheles likinyonya damu ya mgonjwa leo, haliwezi kumwambukiza mtu kesho. Vimelea huchukua kama siku 10 hadi 14 kukua ndani yake na kufika kwenye tezi za mate, na mbu wengi hufa kabla. Ndiyo maana kuwahesabu tu hakutoshi kujua uwezo wao wa kueneza malaria. Katika vijiji vya Kilombero na Ulanga, nchini Tanzania, Anopheles arabiensis ndiye aliyejaa mitegoni, lakini watafiti wamekuta mwenzake, funestus, akibeba zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi. Inabidi kujua umri, na mbu hana cheti cha kuzaliwa.

Mafundi wa maabara Ifakara hulitafuta jibu kwa sindano mbili. Mbu walionaswa usiku huletwa asubuhi kwenye vikombe vya karatasi vilivyofunikwa kwa wavu. Fundi humlaza mmoja kwenye kioo, akadondosha maji, akainamia hadubini. Sindano ya kushoto inakandamiza kifua. Ya kulia inashika ncha ya tumbo na kuvuta, polepole mno, hata aliye pembeni akadhani mkono umesimama. Ngozi inaachia, na mifuko miwili ya mayai inatoka mizima. Mwenye pupa huichana, na mbu huyo kapotea bure.

Mifuko ikikauka, husomwa vijinyuzi vya hewa vilivyotandaa juu yake. Vikiwa vimejisokota kama uzi mpya kwenye kidonge chake, mbu hajawahi kutaga, yaani bado ni kijana. Mayai yakikua hutanua mfuko na kuvinyoosha, navyo havijisokoti tena. Mwongozo wa kazi hii uliandikwa na Tatiana Detinova wa Urusi ya Kisovieti, ukachapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1962.

Wepesi wa vidole vya fundi unavutia, ila mimi navutiwa zaidi na mbu anaowaweka kando. Mayai yakishakomaa, vijinyuzi havisomeki. Aliyejifunza juzi hukisia, fundi mzoefu haandiki kitu. Taasisi ya Afya Ifakara imejaribu pia mwanga wa infraredi na kompyuta ili kukadiria umri. Sina ugomvi na kompyuta, lakini nayo haina budi kufundishwa kwanza kwa mbu ambao umri wao unajulikana.

Idadi ya waliotaga na wasiotaga ikijulikana, hukadiriwa ni wangapi wanaovuka siku moja hadi nyingine. Hapo hesabu inashangaza. Tuseme kati ya mbu 100, 90 hubaki hai kila siku: baada ya siku 12 watakuwa 28 hivi. Wakibaki 80 kwa kila 100, siku ya 12 hawatafika hata 7. Tofauti ndogo ya kila siku inapunguza wazee mara nne.

Kwa hiyo chandarua chenye dawa hakilazimiki kumaliza mbu wote wa bonde la Kilombero. Kinatosha kuwafupishia maisha. Anayelalamika kwamba bado anawasikia wakilia nje ya chandarua asikifanye wavu wa kuvulia samaki. Wale anaowasikia huenda wengi wao bado ni vijana.