Kaskazi ya Malenga

Malenga akiimba "upepo" bila kuutaja jina, msikilizaji aliyekulia Lamu au Unguja hubaki akingoja: upepo gani? Maana pwani pepo zina zamu. Kaskazi hushika mwishoni mwa mwaka na kuvuma hadi Machi, anga kavu na jua kali. Kisha masika hupiga, kusi huingia, nalo halilegei mpaka karibu na Septemba. Baina ya zamu hizo kuna siku za tanga mbili, ambapo chombo kinaweza kwenda upande wowote. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni na Ghuba yaliteremka na kaskazi yakileta tende na papa mkavu, yakarudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko. Mtunzi aliyezaliwa humo hana haja ya kupamba sana. Jina moja la upepo limeshabeba riziki, safari na kuachana.

Ufundi huo huonekana vizuri ukitazama mshororo mmoja. Nitunge wangu, wa mizani 16:

Kaskazi imerudi, mpenzi hujarejea.

Maneno manne tu. Msomaji wa mbali ataona mtu anayemlilia mpenzi siku ya upepo. Wa pwani anajua zaidi: mpenzi huyo aliondoka na kusi, pengine Maskati, wakati wa kurudi ndio huu, vyombo vya wenzake vimeanza kutia nanga, naye hayumo. Bado tumaini lipo, kwa sababu kaskazi ina miezi mbele yake. Sasa tubadili upepo:

Kusi sasa limerudi, mpenzi hujarejea.

Hapo mlango umefungwa. Aliyeko Arabuni kusi likishashika hana njia ya kushuka mpaka kaskazi nyingine, na hiyo ni nusu mwaka au zaidi. Mshororo wa kwanza una wasiwasi, wa pili umekata tamaa, na hakuna neno hata moja la huzuni lililoongezwa. Tena ipo hesabu ndani yake. Kaskazi ina mizani 4, kwa kuwa ile "s" husimama peke yake. Kusi lina 2 tu. Pengo lile ndilo lililonilazimisha kutia "sasa", na "sasa" ndiyo inayochoma. Malenga hodari hufanya hivi mfululizo, beti kwa beti, akiacha upungufu wa mizani umsukume kwenye neno ambalo asingelitafuta.

Ndiyo maana namstahi Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya karne ya 18 na ya 19. Chombo na bahari katika tungo zake hubeba ugomvi wa Mombasa na watawala wa Omani. Lakini ukiiondoa siasa yote, chombo bado kinaelea.

Kusi lenyewe lina sura mbili. Likikaza, mwezi wa Julai, mawimbi hupanda nje ya mwamba, wavuvi wengi hawavuki, na majahazi hupandishwa pwani kutiwa kalafati. Ndio wakati wa kipupwe pia: usiku mtu hujifunika shuka, na mvua za mchoo hupita kidogo kidogo. Kwa hiyo upepo uleule unaweza kuimbwa kama uhaba wa kitoweo au kama hamu ya kulala na umpendaye. Mtunzi wa taarabu huchagua, na wasikilizaji humfuata bila kuelezwa.

Ukipanda Dodoma mambo hugeuka. Ugogoni mvua ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na katika mwaka wa kawaida hazifiki milimita 600. Unguja hupata zaidi ya 1,500. Wingu zito linalomchelewesha nahodha ni habari njema kwa mkulima wa mtama na uwele, na nyimbo za huko hulikaribisha kama mgeni wa heshima.

Haji Gora Haji wa Tumbatu, mtu aliyefanya kazi za bahari, alikiita kitabu chake cha mashairi cha mwaka 1994 Kimbunga. Navutiwa sana na uchaguzi huo, kwa sababu kimbunga hakina zamu. Visiwa vya Unguja na Pemba viko karibu mno na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuizungusha dhoruba, hivyo vimbunga vingi huishia kusini, Madagaska na Msumbiji. Hata hivyo Unguja ilipigwa Aprili 1872: vyombo vikavunjika bandarini, mikarafuu na minazi ikang'olewa mashambani, Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa. Kusi humfaa mtunzi wa subira, maana mwisho wake unajulikana. Msiba usio na tarehe unataka upepo ambao watu wameusikia kwa wazee tu, na baharia aliyezijua zamu zote za mwaka aliuchukua huo.