Nani Ale, Nani Alale Njaa

Lawama inayosikika zaidi kuhusu The Walking Dead, gemu ya mazombi iliyotolewa na studio ya Telltale ya California mwaka 2012, ni kwamba inamhadaa mchezaji. Unaambiwa uchague, unachagua, halafu mambo yanaishia palepale. Hapa Kigali nimeisikia kwa vijana wa Biryogo walioimaliza gemu hiyo na kuirudia, na ushahidi wanao. Katika sehemu ya kwanza unamwokoa Doug au Carley, kwa kuwa muda hautoshi kuwaokoa wote wawili. Ikifika sehemu ya tatu, yule uliyemwokoa anapigwa risasi na mwenzao aitwaye Lilly kando ya barabara, awe Doug au Carley. Aliyekuwa akihesabu njia anaona ameibiwa.

Mimi naona wanapima kisichopimika kwa hesabu. Kuongeza miisho ni kazi ya subira tu. Kazi ngumu ni kumfanya mtu aliyeshika simu, ambaye hana cha kupoteza, asite.

Chukua mwanzo wa sehemu ya pili. Lee Everett, mwalimu wa historia aliyekuwa akipelekwa gerezani kwa kosa la kuua, sasa anamlea Clementine, mtoto wa miaka minane asiye ndugu yake. Wamejificha motelini na wenzao kwa miezi mitatu na akiba inakwisha. Lilly, msimamizi wa chakula, amechoka kulaumiwa na anamkabidhi Lee mgao wa siku: vipande vinne. Watu ni zaidi ya mara mbili ya hivyo. Hakuna zombi anayebisha mlango wala saa inayokukimbiza. Unatembea tu uani, kutoka kwa mtu hadi mtu, na kila mmoja ana hoja yake. Mark ndiye aliyekuja na akiba iliyowafikisha hapo. Duck ni mtoto, na baba yake, Kenny, ni rafiki yako. Larry alikupiga ngumi na kukuacha uliwe na mazombi, lakini ni mzee na ndiye baba yake Lilly. Nawe Lee una njaa, na mchezo unakuruhusu ule.

Tazama jinsi onyesho hili lilivyopangwa. Mwandishi mvivu angekupa jibu la utu na jibu la ukatili, nawe ungeteua la utu na kusonga mbele ukijisifu. Hapa hakuna jibu la kujisifia. Ukiwapa watoto wawili, vimebaki viwili, na macho uani hayajapungua. Kwangu hili ndilo onyesho bora kuliko yote katika gemu hiyo, na halina tone la damu.

Baadaye Lee na baadhi ya wenzake wanafungiwa katika chumba cha kuhifadhia nyama. Larry anaanguka, moyo umesimama. Katika dunia ile kila anayekufa hugeuka zombi, hata kama hakuumwa. Lilly anambonyeza baba yake kifua na kukuita umsaidie. Kenny anasema wamponde kichwa kabla hajaamka akiwa kitu kingine. Ukimsaidia binti, Kenny anauangusha mche wa chumvi ya mifugo kichwani mwa mzee. Ukimsaidia Kenny, ni vilevile. Larry anakufa, na wapinzani wangu wanapiga makofi: si tulisema?

Lakini sikiliza mazungumzo yanayofuata. Ukisimama na Lilly, Kenny hakuachi. Kila unapomhitaji anakukumbusha siku uliyomwacha peke yake. Ukisimama na Kenny, Lilly anajua ni nani aliyeshiriki kumuua baba yake. Tukio ni moja, ila waandishi wameandika vinywa viwili, nyuso mbili na vinyongo viwili, wakijua kwamba wachezaji wengi watasikia upande mmoja tu. Jasho lao liko hapo. Barabara wameiacha moja, wakabadilisha jinsi wasafiri wanavyokutazama. Kwa mtu aliyewahi kuishi na watu, hayo si mabadiliko madogo.

Na daftari halifungwi. Mwishoni mwa sehemu hiyohiyo kundi linakuta gari msituni, limejaa chakula, halina mwenyewe. Unaweza kukataa kuchukua, wenzako watachukua tu. Mwenye gari anarudi katika sehemu ya tano, katika hoteli moja ya Savannah, anakaa mbele yako na kukuuliza kwa utulivu kuhusu uliyoyatenda njiani. Maswali yake yanafuata uliyochagua wewe. Uliyedhani machaguo yako yalipotea unagundua kuwa yalikuwa yakiandikwa.

Kuna mawili zaidi yanayostahili heshima. La kwanza ni muda. Katika mazungumzo mengi mstari unapungua chini ya skrini, na ukinyamaza hadi uishe, kimya chako kinahesabiwa kuwa jibu. La pili ni takwimu za mwisho wa kila sehemu: asilimia ngapi ya wachezaji wamefanya kama wewe. Hapo ndipo maoni yanapoanza. Jioni, Biryogo, chai ya nanaa ikiwa mezani, mmoja anashika simu na wengine wanamwelekeza kwa kelele, huku mstari ule ukipungua. Walikwisha kuzoea kutazama hivyo. Mji huu umelelewa na agasobanuye, filamu za nje zinazosimuliwa kwa Kinyarwanda na watu kama marehemu Yanga, aliyekuwa akimsema shujaa, kumcheka na kumwonya. Gemu ya machaguo inampa mtazamaji huyo kitu alichokuwa akikitamani siku zote: shujaa anayemsikia.

Rwanda ina sababu nzito ya kuuchukulia ufundi huu kwa uzito. Swali la nani afunguliwe mlango na nani aachwe nje si la kubuni katika nchi iliyopitia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Mwaka 2004 shirika la Radio La Benevolencija lilianzisha Musekeweya, mchezo wa redio kuhusu vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, na watu wanaolazimika kuamua kama watakaa kimya wakati chuki inapikwa. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alichapisha matokeo ya utafiti wake kuhusu mchezo huo mwaka 2009: imani binafsi za wasikilizaji hazikubadilika sana, lakini mawazo yao kuhusu lipi linakubalika katika jamii yalibadilika, na walikuwa tayari zaidi kusema wazi walipotofautiana na wenzao. Walikuwa wakisikiliza kwa vikundi, kama wale vijana wa Biryogo wanavyocheza. Sisemi gemu ya mazombi ni sawa na mchezo ule. Nasema hadithi inayosimama kwenye uamuzi huwafanya watu wazungumze, na mazungumzo hayo ni sehemu ya kazi ya mwandishi.

Zana za kuandika gemu za aina hii zipo. Ren'Py, programu aliyoitoa Tom Rothamel mwaka 2004 kwa ajili ya kuunda riwaya za picha, ni ya bure, haihitaji kompyuta yenye nguvu, na kazi yake inaweza kuwekwa kwenye simu za Android. Ndani yake unaandika mazungumzo kama tamthilia, unaweka orodha ya machaguo, na kila chaguo linaacha alama: Lilly ana kinyongo, ndiyo au hapana. Kurasa hamsini baadaye unaiuliza alama hiyo, na Lilly anajibu kwa ukali au kwa upole. Kwa upande wa programu, ni hayo tu. Kinachobaki ni sikio la mwandishi.

Kiswahili kimekuwa lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na Biryogo ilikuwa ikikizungumza muda mrefu kabla ya hapo. Basi ninyi mnaolalamika kwamba machaguo ni geresha, na mna haki ya kulalamika, andikeni yenu. Anzeni na ua mmoja, watu kumi na vipande vinne vya chakula, na msimpe mchezaji jibu la kujisifia.