Mgongo wa Kiraka: Kukagua Bodi Iliyotibiwa Kutu, Lodwar na Kakuma

Dalali wa magari mjini Lodwar, Turkana, hahangaiki kutafuta maneno. Land Rover ya miaka ya 1970 ikiwa imeegeshwa chini ya mgunga, rangi yake ya kijani inang'aa, atamwambia mnunuzi, "Mzee, hili gari halijaonja mvua." Nusu ya maneno hayo ni kweli. Mji hupata takriban milimita 200 za mvua kwa mwaka, na katika hewa kavu namna hiyo chuma hushika kutu polepole kuliko Mombasa, ambako upepo wa bahari hauna huruma. Nusu ya pili ndiyo yenye gharama: kutu ya Turkana hujificha ndani.

Gari likivuka lagga, yaani mto wa msimu, iwe Kawalase hapo Lodwar au Tarach kule Kakuma, maji ya matope hupenya kwenye matundu ya chesisi na kuacha udongo humo. Jua hukausha upande wa nje kwa saa chache, lakini udongo uliofungiwa ndani ya sanduku la chuma hubaki na unyevu siku nyingi. Na kuna chumvi. Pikapu iliyobeba samaki wa chumvi kutoka Kalokol, ufukweni mwa Ziwa Turkana, imenyunyiziwa maji ya chumvi kila safari, kwa kuwa maji yale huchuruzika hadi kwenye kila kiungo cha bati. Kwa hiyo mkaguzi mzoefu haanzi kwa kuuliza gari ni la mwaka gani. Huuliza lilikuwa likibeba nini.

Halafu hutoa sumaku, na hapo wengi huaibika. Land Rover ilipooneshwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, basi bodi ikatengenezwa kwa Birmabright, aloi ya alumini. Sumaku haiwezi kushika mlango wake, na hiyo si dalili ya puti ya kujazia mashimo. Chuma kiko kwingine: chesisi, ambayo ni mabati ya takriban milimita 2 yaliyochomelewa yakawa sanduku; mikono inayotoka ubavuni mwake kubeba bodi; boriti ya nyuma; na ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Huko ndiko pa kutazama. Alumini inapogusana na chuma penye unyevu, ni alumini inayoliwa, na ushahidi wake ni unga mweupe kuzunguka ribiti na malengelenge chini ya rangi. Fundi anayejua kazi huweka kitenganishi, raba au rangi nzito, kabla ya kufunga. Asiyejua hupaka puti juu ya unga.

Land Cruiser ni habari nyingine, maana bodi yake yote ni chuma. Zilijaa kaskazini baada ya shughuli za misaada za Operation Lifeline Sudan kuanza 1989, zikipitia Lokichoggio, na kambi ya Kakuma kufunguliwa 1992. Kwa gari hizo sumaku inasema kweli: iburuzwe juu ya karatasi nyembamba isichubue rangi, kutoka mfereji wa maji wa paa, chini ya kioo cha mbele, hadi nyuma ya magurudumu ya nyuma. Inapolegea ghafla, pana puti nene. Safu ya milimita 2 au 3 ya kulainisha tu si kosa. Ikizidi hapo, puti imegeuka bati.

Hata hivyo sumaku hupima uso, na uso ndio sehemu ambayo kila fundi anaweza kuipamba. Kiraka husomwa mgongoni. Zulia litolewe, mkaguzi alale chini na tochi, aingize kidole nyuma ya madigadi. Kiraka kizuri kina unene sawa na bati la asili, kingo zake zimekutana na za bati hilo bila kupandana, pembe zimeviringwa ili joto na mtikisiko visianzishe ufa, na mgongo umepakwa rangi kama uso. Kibaya kimelazwa juu ya kutu kama bandeji juu ya usaha. Kati ya mabati mawili hubaki mfuko wa maji, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, huvimba na kuyasukuma mabati yaachane. Rangi ya juu itapendeza msimu mmoja.

Unene wenyewe una hadithi. Kakuma wakimbizi walizoea kukunjua mikebe ya mafuta ya kula ya msaada wakatengeneza milango na paa, kazi ya ustadi mkubwa. Lakini bati lile, sawa na mabati ya nyumba ya geji 30, ni jembamba mno kwa sakafu ya gari, ambayo huhitaji karibu milimita 1. Pipa la lita 200 hukaribia unene huo, ndiyo maana mafundi wa jua kali hulipenda. (Lililokuwa na petroli huoshwa vizuri kabla ya kuguswa na moto, mvuke uliobaki hulipuka.)

Kisha moto. Rodi ya stima kwenye bati la milimita moja hutoboa haraka, hasa umeme wa jenereta ukiyumba, na fundi hujaza tundu kwa kurundika chuma. Mstari wenye vinundu vingi unasema hivyo. Mwenye mkono mwepesi huchoma nukta hapa, nyingine kule, akiruhusu bati lipoe lisijipinde. Wengine hutumia gesi na fimbo ya shaba ya njano. Kwenye bodi inavumilika, mradi unga wa kuyeyushia umesuguliwa wote, maana mabaki yake huvuta unyevu. Kwenye chesisi, shaba ni sababu ya kuondoka hapo hapo.

Vumbi lililonasa kwenye rangi lisamehewe, ni Turkana. Matundu ya kutolea maji yaliyozibwa kwa puti yasisamehewe hata kidogo. Majaji wa Concours d'Elegance ya Nairobi, mashindano yaliyoanza 1970, hutazama hata chini ya gari, na mnunuzi wa Lodwar hana sababu ya kuwa mpole kuliko wao.

Mnunuzi aliyeagiza kazi ana nafasi zaidi. Kituo cha Don Bosco cha Kakuma kimefundisha vijana uchomeleaji na umakanika kwa miaka mingi, na fundi aliyefunzwa hashtuki akiombwa vipande vibovu alivyovikata. Ukingo wa kipande ukiwa chuma cheupe pande zote, msumeno ulifika kwenye uzima. Ukiwa na wekundu hata upande mmoja, upande mwenzake umebaki kwenye gari, chini ya rangi mpya, na hapo fundi arudishiwe grinda.