Kabla ya Kusifia Rangi, Omba Rimoti

Saa yangu ilitetema nikiwa nimesimama ndani ya daladala, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umekumbatia mfuko wa nyanya. Nikaupindua mkono wa saa, nikasoma: “Yule dalali amekulip…” Nukta tatu, basi. Amekulipa, amekulipia au amekulipisha? Kitenzi cha Kiswahili hubeba mambo mazito mkiani, na aliyebuni ile programu alikuwa ameukata mkia. Niliposhuka nikatoa simu. Amekulipisha.

Tangu siku ile, nikipewa saa janja niikague, naanza na hilo. Nairushia ujumbe wenye kitenzi kirefu nione neno linakatikia wapi. Mbunifu anayeijua kazi yake huvunja mstari, au hupunguza herufi kidogo, au hufupisha jina la mtumaji ili kitenzi kipumue.

Halafu natazama umbo. Kioo cha duara hubaki na takriban asilimia 78 ya eneo la mraba wenye upana uleule, maana pembe zote nne zimeliwa. Wengi huchukua orodha iliyochorwa kwa ajili ya simu wakaibandika humo, na mstari wa juu na wa chini ukakatwa masikio. Kazi safi huiacha mistari ipungue upana kadiri inavyokaribia ukingo, na jambo la maana hukaa katikati. Usuli uwe mweusi. Kwenye kioo cha OLED pikseli nyeusi imezimwa kabisa, kwa hiyo usuli mweupe ni betri inayokwenda bure.

Kidole ni tatizo jingine, kwa sababu hufunika kile kinachokigusa. Apple Watch ya mwaka 2015 ilikuja na kigurudumu ubavuni, ukawa unashusha orodha bila kuifunika. Kabla yake saa ya Pebble ilikuwa na vitufe vinne, vitatu kulia na kimoja kushoto, na mtu aliweza kuitumia bila hata kuitazama. Nawapa wote wawili alama. Wewe jaribu kwa kidole kilicholowa maji. Kioo cha kugusa huchanganyikiwa, na hapo utajua kama kuna kitufe cha kukuokoa.

Nikiwa bado mkononi: usiidharau saa ya mishale. Mshale mfupi ukisimama kwenye 7, sisi tunatazama ng’ambo ya pili na kusoma saa moja. Saa ya tarakimu inatulazimisha kutoa au kujumlisha sita kichwani kila mara.

Runinga ndiko makosa yanakojaa. Sababu ni kwamba mbunifu huichora akiwa ameikaribia kompyuta, kisha sisi tunaitazama kutoka kwenye kochi. Piga hesabu. Simu unaishika kama sentimita 30 kutoka machoni, runinga iko kama mita tatu, yaani mbali mara kumi. Herufi ya milimita 2 kwenye simu lazima iwe ya sentimita 2 ukutani ili jicho lione ukubwa uleule. Runinga ya inchi 43 ina kimo cha kama sentimita 53. Kwa hiyo maneno machache ndiyo yanayotosha, na anayekujazia maelezo ya filamu aya mbili hajawahi kukaa sebuleni kwako.

Kingo ziachwe wazi. Runinga za zamani za kioo kinene zilikuwa zinakata pembezoni mwa picha, na baadhi ya mpya bado zina mpangilio huo. Desturi ni kuacha asilimia 5 kila upande: kwa picha ya pikseli 1920 kwa 1080, hizo ni pikseli 96 kushoto na kulia, 54 juu na chini. Ukiona saa au nembo imebanana na ukingo, hapo pana uzembe.

Sasa kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Fumba macho, mwenzako abonyeze mishale ya rimoti mara tano, ovyo. Fumbua. Uko wapi? Kwenye kazi nzuri jicho linapaona papo hapo: picha imekua, imepata fremu nyeupe, nyingine zimefifia. Kwenye kazi mbovu buluu moja imegeuka buluu nyingine, na unaanza kubonyeza ili uone nini kitasogea. Kisha ingia kwenye filamu, utoke. Kama imekurudisha kwenye picha ileile uliyokuwa, mheshimu aliyeitengeneza. Kama imekutupa juu kabisa ya orodha, utachoka nayo ndani ya wiki.

Mwisho, tafuta “ng’ombe” kwenye sehemu ya kuandika. Hesabu mibonyezo. Ile alama ya juu mara nyingi imefichwa kwenye ukurasa wa pili wa alama, uende na urudi, na shangazi yangu hapo huniachia rimoti na kwenda jikoni. Mfumo wenye adabu hubahatisha neno kwa herufi tatu, au hukuruhusu kulitamka.

Sisemi vitufe viwe vingi. Rimoti ya Zenith ya mwaka 1956, aliyoibuni Robert Adler, haikuwa hata na betri. Nyundo ndogo ziligonga vijiti vya alumini, na runinga ikasikia sauti tusiyoisikia sisi. LG nao mwaka 2014 waliiweka menyu chini kama utepe, mechi ikaendelea juu yake. Huyo aliyeipanga hivyo anajua maana ya kukosa goli.

Kwa hiyo ukienda dukani usianze na zile video za maua na samaki wa rangi. Omba rimoti, rudi nyuma hatua nne, fumba macho. Mwenye duka akikunyima, nenda duka la pili.